Ukikataliwa na daktari wa jeshi, omba sababu kwa maandishi

Kila jeshi linapotangaza kwamba linatafuta makurutu, msomaji, hapa Adams Arcade dalili zake utaziona hata kabla hujalisoma tangazo lenyewe. Vijana kutoka Kibera, Woodley, Kawangware na Dagoretti Corner hupanga foleni ili watoe nakala za vitambulisho na vyeti vya KCSE. Alfajiri huwakuta wakikimbia kando ya barabara ya Ngong, wengine wakiwa na viatu vya mtumba walivyonunua soko la Toi. Kisha siku yenyewe hufika, na wengi wao huwa wamerudi nyumbani kabla ya saa sita mchana.

Aliyekataliwa kwa ajili ya urefu au uzito sina la kumtetea. Matangazo ya miaka ya karibuni yamesema wazi kwamba kurutu wa kawaida awe na umri wa miaka 18 hadi 26, urefu usiopungua mita 1.60, na uzito usiopungua kilo 54.55 kwa mwanamume au kilo 50 kwa mwanamke. Mizani huonekana na kila mtu, na ukitaka kuhakikisha utajipima mwenyewe kwenye duka la dawa kwa shilingi chache.

Ninayetaka kumzungumzia leo ni yule aliyepita mizani, akapita mbio, akahesabiwa meno, halafu daktari akamtazama dakika mbili na kumwambia, "Wewe hufai. Nenda." Kijana huyo anapofika nyumbani mama yake humuuliza, "Wamekupata na ugonjwa gani, mwanangu?" Naye hana jibu. Hakuambiwa, au aliambiwa neno moja la Kiingereza ambalo hakulishika, na hana karatasi yoyote mkononi.

Maoni yangu ni kwamba jambo hilo si haki, na tena ni hatari kwa afya. Ikiwa daktari ameona kasoro kubwa kiasi cha kumnyima kijana kazi, basi kasoro hiyo kijana anastahili kuijua ili aitibu. Na ikiwa daktari amekosea, kijana anastahili kuwa na kitu cha kuonyesha anapouliza.

Kwanza tuelewane kuhusu kile kinachofanyika pale uwanjani. Kule ni kuchuja, na kuchuja na kutambua ugonjwa ni mambo mawili tofauti. Mama anayechekecha unga hutaka kazi iishe upesi, na akiona chenga moja huitupa bila kuichunguza. Daktari wa uwanjani mwenye mamia ya vijana mbele yake hufanya vivyo hivyo. Hana nafasi ya kurudia kipimo wala maabara kubwa. Simlaumu kwa hilo. Lakini uamuzi uliotolewa kwa njia hiyo usichukuliwe kama hukumu ya hospitali.

Chukua shinikizo la damu, au presha kama tunavyoiita mitaani. Ili kipimo chake kiaminike, mtu anatakiwa awe ameketi kwa utulivu dakika 5, mgongo umeegemea kiti, mkono umelala usawa wa moyo, kibofu hakina mkojo, wala hazungumzi. Asiwe amevuta sigara au kunywa chai au kahawa katika nusu saa iliyotangulia. Sasa linganisha na hali ya kijana wetu. Ameamka saa tisa usiku, pengine ametafuna miraa ili asilale, au amekunywa vile vinywaji vya mkebe vinavyosemwa kuongeza nguvu. Ametoka mbioni muda mfupi uliopita, amebanwa na mkojo, na moyo unamdunda kwa hofu kwa kuwa jamaa zake wote wanamtegemea. Kama ni mnyanyua vyuma mwenye mkono mnene, mkanda mdogo wa kupimia nao utaongeza nambari juu. Akipatikana na 150 juu ya 95, je, ana ugonjwa? Huenda anao na huenda hana. Kwa utaratibu wa kawaida wa hospitali, daktari hasemi mtu ana presha kwa kipimo cha mara moja kilichozidi 140 juu ya 90, ila ikiwa kimezidi mno. Humwita tena siku nyingine na kumpima upya, mara mbili au tatu kila anapokuja.

Mkojo nao una hila zake. Mtu akikimbia kwa nguvu, protini inaweza kuonekana katika mkojo wake, na hata chembe za damu, ingawa figo zake ni nzima kabisa. Kwa kawaida hali hiyo huisha kwa siku moja au mbili za kupumzika. Msichana aliye katika siku zake ataonekana ana damu katika mkojo, na pengine ataona haya kulisema hilo mbele ya afisa mwanamume. Kwa upande mwingine, kijana aliyekulia pwani anaweza kuwa na kichocho. Huo ni ugonjwa kweli, lakini una dawa yake, praziquantel, na mara nyingi hupewa kwa siku moja tu. Vijana wote hao watatu wataambiwa "hufai" kwa ajili ya mkojo, na hali zao hazifanani hata kidogo.

Sasa nyayo. Hakuna jambo linalowaumiza vijana roho kama kukataliwa kwa sababu ya nyayo bapa, yaani nyayo zisizo na upinde chini. Jaribu mwenyewe nyumbani: simama wima, halafu inuka kwa ncha za vidole. Upinde ukitokea unapoinuka, basi unyayo wako ni bapa lakini laini, na wenye nyayo za namna hiyo wengi hutembea na kukimbia maisha yao yote bila maumivu. Usipotokea, na mguu ukawa mgumu na unauma, hilo ni jambo jingine na linahitaji daktari wa mifupa. Tofauti hii si ya jana. Mwaka 1947 madaktari wawili wa Kanada, Harris na Beath, walitoa ripoti yao baada ya kukagua miguu ya wanajeshi wapatao 3,600, wakaonyesha kwamba unyayo bapa laini, kwa wenyewe tu, si kilema. Mwaka 1993 watafiti wa jeshi la Marekani wakachapisha matokeo ya kuwafuatilia makurutu 246 wa askari wa miguu mafunzoni. Walioumia kwa uchache zaidi walikuwa wale wenye nyayo bapa, na waliokuwa hatarini zaidi ni wenye upinde mkubwa. Ilhali kwetu kijana hukanyaga maji, akakanyaga sakafu, na alama ikionekana pana safari yake imekwisha!

Nisieleweke vibaya. Jeshi lina haki ya kukataa, na yapo magonjwa ambayo ningemsihi kijana asibishane nayo hata kidogo. Mwenye kifafa hawezi kupewa bunduki. Mwenye selimundu anaweza kufa katika mazoezi ya jua kali. Mwenye pumu inayombana mara kwa mara hataweza kustahimili vumbi na baridi ya mafunzo. Halafu kuna moyo. Daktari akiweka chombo chake kifuani na kusikia mvumo usio wa kawaida, anaweza kuwa amesikia kitu kisicho na madhara, maana vijana wenye afya nzuri wengi wana mvumo wa namna hiyo. Pia anaweza kuwa amesikia vali ya moyo iliyoharibika kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni, iliyoanza kama koo kuuma tu na haikutibiwa. Ugonjwa huo bado tunao Kenya na huwapata hasa vijana. Kinachotofautisha hali hizi mbili ni picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ambayo hospitalini huitwa eko.

Hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Fikiria kijana huyo wa moyo amefukuzwa uwanjani bila kuelezwa. Anadhani ameonewa, au kwamba hakutoa kitu kidogo. Anarudi mtaani, anaenda kubeba mawe ya ujenzi, na ule ugonjwa uliosikiwa na daktari wa serikali unaendelea kumla kimya kimya. Serikali imeujua ugonjwa wake kabla yake, na haikumwambia.

Wapo watakaosema, "Hiyo ni jeshi, bwana, huwezi kuiuliza maswali." Hayo ni mazoea ya zamani. Katiba ya 2010, kifungu cha 47, inampa kila mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na hali ya afya imetajwa humo waziwazi, pamoja na ujauzito na ulemavu. Jeshi limepewa nafasi yake katika kifungu cha 24, ambacho kinaruhusu sheria kupunguza baadhi ya haki za watu wanaotumikia jeshi, kama vile haki ya faragha, ya kuandamana na ya kuunda vyama. Lakini isome orodha hiyo kwa makini. Kifungu cha 27 hakimo. Cha 47 pia hakimo. Isitoshe, inazungumzia watu wanaotumikia jeshi, na kijana aliyefukuzwa uwanjani hajaanza kutumikia.

Mwaka 2015 ikapitishwa sheria ya kutekeleza kifungu hicho cha 47. Ukiomba sababu, ofisi husika ina miezi 3 ya kukupa kwa maandishi. Ikinyamaza, na wewe ukaenda mahakamani, mahakama itachukulia kwamba uamuzi haukuwa na sababu nzuri mpaka ofisi ithibitishe vingine. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kupata habari, inayoipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Ndiyo, usalama wa taifa umewekewa kinga katika sheria hizi, na jeshi linaweza kuitaja. Lakini sioni siri gani ya taifa iliyo ndani ya mkojo wa kijana wa Kawangware, na hasa anayeulizia ni mwenye mkojo wenyewe.

Wala usidhani majaji huogopa viwanja vya kuajiri askari. Oktoba 2014 Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu alifuta usajili wa makurutu 10,000 wa polisi uliokuwa umefanywa Julai mwaka huo, baada ya mamlaka ya kuchunguza polisi, IPOA, kulalamika kuhusu ufisadi na ukiukaji wa taratibu. Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye mwaka 2015.

Kuhusu virusi vya ukimwi lazima niseme kwa uangalifu. Sheria yetu ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili apate kazi, na inakataza kumnyima kazi kwa sababu hiyo peke yake. Hata hivyo imemwachia mwajiri mlango mmoja, iwapo atathibitisha kwamba kazi yenyewe inahitaji mtu mwenye hali fulani ya afya. Neno la kushika hapo ni "kuthibitisha." Huko Namibia mwaka 2000, kijana aliyekuwa amewahi kupigania uhuru alikataliwa na jeshi kwa sababu ya virusi, naye akaenda Mahakama ya Kazi. Mahakama ilisema kwamba kipimo cha virusi peke yake hakielezi kama mtu anaweza kazi ya uaskari. Ikaamuru kwamba aliye mzima asikataliwe isipokuwa chembe zake za CD4 ziwe chini ya 200 na wingi wa virusi uwe juu ya 100,000. Mwaka 2008 mahakama ya Pretoria nayo ikatangaza kwamba sera ya jeshi la Afrika Kusini ya kuwafungia mlango wote wenye virusi ilikwenda kinyume cha katiba. Mmoja wa waliokuwa wamekataliwa aliomba kuwa mpiga tarumbeta. Kwetu Kenya, sheria hiyo ya 2006 iliunda baraza maalum la kusikiliza malalamiko ya namna hii, na mlalamishi si lazima jina lake litangazwe ovyo.

Majeshi mengine yameshapita hatua hii. Uingereza humwandikia aliyekataliwa kwa afya na kumpa nafasi ya kukata rufani kwa daktari mkuu wa usajili. Marekani ina utaratibu wa kuomba msamaha wa kiafya, ambapo jeshi huitazama kasoro ya mtu na kuamua kama linaweza kuishi nayo. Labda utasema hao ni matajiri. Basi tazama India, ambako foleni za vijana wanaotaka jeshi hazina mwisho. Anayetaka kuwa afisa akitangazwa hafai, huenda mbele ya bodi ya rufani ya madaktari, na asiporidhika ipo bodi nyingine ya mapitio. Sidai bodi mbili. Nadai karatasi moja iliyochapwa orodha ya kasoro, daktari aweke alama na sahihi, amkabidhi kijana na kumwonyesha hospitali ya kwenda. Haichukui hata dakika moja. Na aikabidhi kwa faragha, maana nimechoshwa na hadithi za vijana kutajiwa busha na bawasiri zao kwa sauti mbele ya wenzao waliovua nguo.

Mpaka siku hiyo ifike, ewe kijana, usikae na hasira. Pale uwanjani muulize daktari kwa adabu, "Daktari, tafadhali niambie mmeona nini, nami niandike." Usibishane naye, wala usilie. Andika neno alilosema jinsi lilivyosikika, pamoja na tarehe na kituo. Kisha nenda ukapimwe upya bila kukawia, kwa sababu jibu la mwezi ujao halitasema lolote kuhusu hali yako ya leo. Mkojo na presha vipime baada ya kupumzika siku mbili, na mkojo uwe wa asubuhi ukitoka kitandani. Huhitaji hospitali ya bei ghali. Mbagathi iko karibu na ni ya umma, na Kenyatta ipo kwa mambo ya moyo na mifupa. Hakikisha majibu yana jina lako kamili, nambari ya kitambulisho, tarehe, sahihi ya daktari na muhuri.

Usimeze vidonge vya presha vya babu yako siku ya usajili ili nambari zishuke. Utazimia mbioni. Na atakapokufuata mtu akidai kwamba kwa kiasi fulani cha fedha daktari "atarekebisha," mkimbie. Kujiunga na jeshi hakulipiwi. Si mara moja vijana wamekamatwa kule Eldoret, kwenye chuo cha makurutu, wakiwa na barua bandia walizouziwa kwa pesa za shamba la familia.

Majibu yakionyesha una ngiri, busha, kichocho au upungufu wa damu, jitibu kwanza. Hayo yanatibika, na tangazo jingine litakuja ungali na umri. Lakini majibu yakionyesha u mzima, andika barua fupi ya ukurasa mmoja: jina lako, kituo na tarehe, ulichoambiwa, majibu ya hospitali, na ombi la sababu kwa maandishi na la kupimwa tena. Usimtukane mtu humo. Ukikaa bila kujibiwa, Ofisi ya Ombudsman hupokea malalamiko bila malipo.

Barua hiyo usimpe mtu akupelekee. Makao makuu ya ulinzi, Ulinzi House, yako Lenana Road, na kutoka Adams Arcade unaweza kwenda kwa miguu. Beba nakala mbili, moja uiache langoni, na ya pili usiondoke mpaka waipige muhuri wa kupokelewa.